Sauti Isikike, Jirani Alale: Kuchagua na Kupanga Spika za Sebuleni

Zamani sinema ilifuatwa. Leo sinema imetufuata. Kioo kilichokuwa katika jumba la mjini sasa kimo sebuleni mwetu, na televisheni bapa ya inchi 43 au 50 si ajabu tena, Pwani wala bara. Lakini kadiri vioo hivi vilivyozidi kuwa vyembamba, ndivyo sauti yake ilivyozidi kudhoofika, kwa kuwa spika huhitaji nafasi ya kusukuma hewa, na televisheni nyembamba haina nafasi hiyo. Hapo ndipo familia nyingi huanza kufikiria spika za ziada, na hapo ndipo maswali huanza.

Tumepokea barua ya dada yetu mmoja, mzaliwa wa Pwani aliyeolewa Kabazi, huko Subukia katika Kaunti ya Nakuru. Anatueleza kwamba mumewe na vijana wake wamekuwa wakiweka akiba kutokana na mauzo ya maziwa, ili wanunue mtambo wa sinema ya nyumbani. Yeye hapingi. Ana mashaka matatu. La kwanza, mavyaa wake, anayeishi nao, husema kwamba anausikia muziki wa televisheni lakini maneno hayamfikii. La pili, jirani yao, ambaye wametenganishwa naye kwa ukuta mmoja wa mbao, ana mtoto mchanga. La tatu ni kwamba fedha zile, zikipotea kwa kununua kisichofaa, zitakuwa ni karo ya muhula iliyopotea. Anauliza: je, kuna njia ya kununua sauti ambayo mzee ataifahamu, watoto wataifurahia, na jirani hataiona kuwa ni dhuluma?

Tumeona swali hili ni la nyumba nyingi, za Kabazi na za Kisauni, kwa hiyo tunalijibu kwa urefu.

Sauti ilikotoka

Spika tunayoijua leo, yenye koili inayotikisa karatasi ya umbo la pia, ilielezwa kitaalamu mwaka 1925 na wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg. Mpaka sasa msingi wake haujabadilika: umeme hupita katika koili iliyo karibu na sumaku, koili huenda mbele na nyuma, na karatasi huisukuma hewa. Miaka sita baadaye, mwaka 1931, mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya sauti ya pande mbili. Husimuliwa kwamba alichoshwa na sinema ambazo mtu alionekana upande mmoja wa kioo na sauti yake ikatokea kwingine.

Kwetu nako sinema ilikuwa na historia yake, na akina mama wana sehemu kubwa ndani yake. Mwanahistoria Laura Fair ameandika kwa kirefu juu ya majumba ya sinema ya Zanzibar na Tanganyika, na juu ya maonyesho ya wanawake peke yao, yaliyowapa mama na binti zao nafasi ya kutazama filamu za Kihindi na za Kimisri kwa faragha na heshima. Jumba lilikuwa na spika kubwa nyuma ya kitambaa cheupe, na sauti ilifika hata kwa aliyekaa mstari wa mwisho.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 filamu zilianza kuonyeshwa zikiwa na sauti ya dijitali iliyogawanywa katika njia sita: tatu za mbele, mbili za pembeni, na moja ya ngurumo. Mpangilio huo ndio unaoandikwa 5.1 juu ya maboksi madukani. Tano ni spika za kawaida, na ile moja baada ya nukta ni ya besi peke yake, ambayo wengi wetu huiita wufa. Anayefahamu kazi ya kila moja kati ya hizo sita hatadanganyika dukani.

Kwa nini mzee husikia muziki asisikie maneno

Tuanze na mavyaa, kwa maana yeye ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote. Uzee unapoingia masikioni, kwa kawaida hupunguza kwanza sauti nyembamba, zile za masafa ya juu. Herufi kama s, f, sh na t hukaa huko. Irabu, ngoma na ngurumo hukaa chini, nazo hubakia kusikika vyema. Kwa hiyo mzee husikia kwamba mtu anasema, lakini hapambanui anasema nini. Ukimwongezea besi humsaidii. Unamzidishia giza, kwa sababu ngurumo huzifunika herufi zile dhaifu.

Katika filamu na vipindi vilivyotengenezwa kwa mpangilio wa 5.1, mazungumzo karibu yote huwekwa katika spika ya katikati, ile ya chini au juu ya kioo. Hiyo ndiyo spika ya mavyaa. Ikiwa fedha hazitoshi kwa vyote, anzeni na spika nzuri ya kati na mbili za kando yake, na za nyuma zingoje. Kinyume chake, mtambo wa bei nafuu wenye wufa kubwa na vispika viwili vidogo kama vikombe huwa na kishindo kingi na maneno machache. Ndio unaovutia dukani kwa sababu hutikisa kifua cha mnunuzi, nao ndio utakaomwacha mzee pale pale alipokuwa.

Kuna dawa nyingine isiyogharimu kitu. Sauti hupungua kadiri tunavyojitenga nayo. Mahali pa wazi, ukikata umbali kwa nusu unaongeza desibeli 6, na ndani ya chumba faida huwa ndogo kidogo lakini ipo. Kiti cha mzee kikisogezwa kutoka mita nne hadi mita mbili za spika ya kati, atasikia vizuri zaidi bila ya nyumba nzima kupigiwa kelele. Na ikiwa hata hapo maneno hayamfikii, apelekwe hospitali akapimwe masikio, kwa kuwa huenda ana nta iliyoziba au anahitaji kifaa cha kusikilizia.

Chumba kwanza, duka baadaye

Nyumba za nyanda zile za juu mara nyingi ni za mbao au za mawe, zenye paa la mabati na sakafu ya saruji. Kila kimoja kina tabia yake. Saruji na mawe hurudisha sauti kama kioo kinavyorudisha nuru, na maneno hupigana mwangwi. Mbao nyembamba huziacha besi zipite hadi kwa jirani. Mabati hutetema yenyewe wufa inapolia, na mvua inapoyapiga hakuna spika ya sebuleni inayoweza kushindana nayo kwa amani. Nyumba isiyo na dari huteseka zaidi. Dari ya mbao au ya bodi hupunguza kelele ya mvua na huzuia joto lisipotee, jambo lenye manufaa katika usiku wa baridi wa Subukia. Tungesema wazi: nyumba isiyo na dari itafaidika na dari kabla ya kufaidika na spika.

Simameni katikati ya chumba mpige kofi moja kali. Mkisikia mlio mwembamba unaorukaruka baada ya kofi, chumba kina mwangwi mwingi. Tiba yake tunayo majumbani: zulia nene kati ya makochi na televisheni, mapazia mazito ya mikunjo, mito, na kabati la vitabu au la vyombo kwenye ukuta wa nyuma. Haya hulainisha sauti za juu na za kati, na maneno huwa bayana. Hayazuii besi, besi ina urefu mwingine kabisa. Wimbi la sauti ya herzi 40 lina urefu wa zaidi ya mita nane, na pazia kwake ni kama ukuti mbele ya mawimbi ya bahari.

Kisha pimeni chumba kwa futi kamba. Sebule ya mita tatu na nusu kwa nne haihitaji spika za kimo cha mtoto. Spika ndogo za rafu, zenye karatasi ya inchi tano hivi, huijaza bila ya kuhangaika. Na ikiwa kochi limegusa ukuta wa nyuma, hakuna nafasi ya spika za nyuma. Mbili za kando, au hakuna kabisa, ndilo jibu la haki.

Wati za kweli na wati za boksi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Boksi limeandikwa wati 10,000, na mtu hudhani amepata hazina. Hesabu ndogo itamwokoa. Umeme wetu ni volti 240, na plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha: haifiki wati 3,200. Basi kifaa kinachotoa wati 10,000 za sauti kwa plagi hiyo kingelazimika kuumba umeme kutoka hewani. Geuzeni mtambo, msome kibandiko cha nyuma kinachotaja umeme unaotumika. Kikisema wati 60, mtambo mzima hauwezi kuendelea kutoa sauti ya zaidi ya wati 60, na kwa kweli hutoa pungufu, kwa kuwa sehemu ya umeme hugeuka joto.

Herufi za kutafuta ni RMS, yaani nguvu ambayo mtambo waweza kuitoa kwa muda mrefu bila ya kuharibika. Herufi za kuepuka ni PMPO, hesabu ya kibiashara isiyo na kipimo kimoja kinachokubaliwa na wote.

Na wati ngapi zinatosha? Spika ya kawaida, ikipewa wati moja tu, hutoa desibeli kama 87 au 88 kwa umbali wa mita moja. Mazungumzo ya kawaida ya watu ni kama desibeli 60. Basi wati moja iliyotumika vizuri tayari ina nguvu kuliko sauti ya mtu anayezungumza nawe. Pia, kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, badiliko linalotambulika kwa shida. Ili sauti ionekane imekuwa maradufu masikioni, wati hazina budi kuwa mara kumi. Kwa sebule ya Kabazi, wati 30 hadi 50 za kweli kwa kila spika ni nyingi mno. Kinachobaki kuchagua ni usafi wa sauti.

Jambo la mwisho katika hesabu ni omu, yaani ukinzani wa spika. Nyuma ya kikuza sauti huandikwa, kwa mfano, omu 6 hadi 16. Kufunga hapo spika ya omu 4 ni kuulazimisha mtambo ubebe mzigo ambao haukutengenezewa. Hupata moto, hujizima, na siku moja haurudi. Soma nambari mbili hizi kabla ya kulipa.

Adabu za ununuzi

Nendeni na sauti mnayoijua. Wekeni kwenye kumbukumbu ya simu rekodi ya mtu anayezungumza, taarifa ya habari au mawaidha, na mwambie mwenye duka aicheze kwa sauti ya chini. Sauti ya binadamu ndiyo mizani bora, kwa kuwa sikio limezaliwa nayo. Je, msemaji anasikika kama yumo chumbani au kama yumo ndani ya debe? Maneno ya mwisho wa sentensi yanasikika? Baada ya hapo ndipo muulize kishindo.

Mitambo iliyotumika ng'ambo huuzwa kwa wingi katika miji yetu, na mingine ni bora kuliko mipya ya bei hiyo hiyo. Ikagueni kwa macho na mikono. Bonyezeni polepole, kwa vidole vya mikono miwili, karatasi ya spika kubwa: iende na kurudi bila ya kukwaruza. Angalieni utepe wa mpira au sponji unaozunguka ukingo wake. Sponji kuukuu hupukutika kama majivu. Someni volti. Mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya Marekani au Japani hutumia volti 100 hadi 120, na ukiuchomeka katika soketi zetu bila ya transfoma utaungua papo hapo. Ulizeni juu ya rimoti, kwa sababu mitambo mingine haiwezi kurekebishwa bila yake. Na risiti yenye tarehe na muda wa dhamana iandikwe kabla ya fedha kubadilisha mkono, hata kama muuzaji ni jamaa.

Tazameni pia jinsi mtambo utakavyoungana na televisheni. Tundu la HDMI lenye herufi ARC hutuma sauti kutoka kwenye televisheni hadi kwenye mtambo kwa waya mmoja, ikiwa ni pamoja na sauti ya king'amuzi. Tundu la mwanga, linaloitwa optiko, ni la pili kwa ubora. Mtambo usio na lolote kati ya hayo mawili hautapata njia sita za sauti ya filamu kutoka kwenye televisheni, hata ukiwa na spika kumi.

Kupanga spika

Kazi hii haihitaji fundi. Mama na binti zake wanaweza kuimaliza adhuhuri moja kwa futi kamba, kisu na mkanda wa kubandikia.

Kaeni kwenye kiti cha katikati. Spika ya kushoto na ya kulia ziwekwe ili umbali kati yake ulingane na umbali wa kila moja hadi kichwani mwako: ukikaa mita mbili na nusu, ziachane mita mbili na nusu. Pembe tatu hizo huwa sawa, na kila spika huwa nyuzi 30 kutoka mbele yako, kama vipimo vya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano vinavyoelekeza. Zielekezeni kidogo ndani, kumtazama msikilizaji. Ile spika ndogo ya sauti nyembamba iwe kwenye kimo cha sikio la aliyekaa, si la aliyesimama.

Spika ya kati ikae katikati kabisa, na ukingo wake wa mbele ulingane na ukingo wa meza; ikirudishwa nyuma, meza hurudisha sauti na maneno huchafuka. Ikiwa iko chini ya kioo, inueni pua yake kwa kipande cha mpira ili itazame nyuso za watu badala ya magoti yao.

Za pembeni, kama zipo, hukaa kushoto na kulia kwa mkaaji na kurudi nyuma kidogo, nyuzi 100 hadi 120 kutoka mbele, na juu ya kichwa kwa futi moja au mbili. Kazi yake ni upepo, mvua na mnong'ono wa mbali. Zikisikika wazi kuliko za mbele, zimepandishwa kupita kiasi.

Wufa ina desturi yake. Ikiwekwa pembeni kabisa mwa chumba, kuta huizidishia ngurumo. Ili kujua mahali pake, iwekeni kwa muda juu ya kiti chenu, cheza kitu chenye besi ya mfululizo, kisha tembeeni kwa magoti kandokando ya kuta mkisikiliza. Palipo na besi safi isiyovuma kupita kiasi ndipo ihamishiwe. Kwa nyumba ya dada yetu tunaongeza sharti: isiguse ukuta wa jirani, na isikae moja kwa moja juu ya sakafu ya mbao. Kipande cha zulia kuukuu kilichokunjwa mara mbili, au mpira mzito chini yake, hupunguza mtikiso unaopita katika mbao.

Waya uwe wa shaba; mita chache zinatoshwa na unene wa milimita 1.5 za mraba, na za mbali 2.5. Kila spika ina tundu jekundu na jeusi, na kila waya una upande wenye mstari au rangi. Nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, katika spika zote. Moja ikigeuzwa, karatasi yake huvuta wakati mwenzake anasukuma. Besi hutoweka na sauti ya msemaji hukosa mahali. Kama alama zimefutika, gusisheni nyaya za spika kubwa kwa nukta moja ya muda kwenye betri ya volti 1.5: karatasi ikitoka nje, waya uliogusa upande wa kujumlisha ndio mwekundu. Ncha za waya zisiache hata unywele mmoja ukigusa upande wa pili, kwa maana hapo ndipo mitambo huungua.

Pitisheni nyaya kandokando ya ukuta, mbali na mlango na mahali watoto wanapokimbilia. Televisheni na spika ndefu zifungwe ukutani, kwa sababu mtoto anayejifunza kusimama hushika chochote. Na katika maeneo ya radi na ya umeme unaokatika, chomoeni plagi wakati wa dhoruba. Kuzima kwa rimoti hakuikatii radi njia.

Marekebisho ya nusu saa

Mitambo mingi huuliza umbali wa kila spika hadi kwenye kiti. Pimeni, msikisie. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, yaani kila mita moja huchukua kama milisekunde tatu, na mtambo hutumia umbali huo ili sauti zote zifike pamoja. Kisha chezeni sauti ya majaribio, ile kama mchele unaomiminwa, na sawazisheni kila spika. Simu yenye programu ya kupima desibeli inatosha kwa kulinganisha.

Spika ndogo zikabidhiwe sauti za kuanzia herzi 80 kwenda juu, na zilizo chini ya hapo ziachiwe wufa. Spika ya kati ipandishwe desibeli 2 au 3 juu ya wenzake kwa ajili ya mzee. Maneno yakichelewa nyuma ya midomo, tafuteni katika menyu sehemu ya kusawazisha sauti na picha.

Kuna kitufe kimoja tunachokipenda kuliko vyote, nacho ni kile cha usiku. Huinua minong'ono na kushusha milipuko, ili anayesikiliza asilazimike kupandisha na kushusha sauti kila dakika. Kiwasheni jua linapokuchwa.

Haki ya jirani na masikio ya watoto

Katika nchi hii jambo hili lina sheria. Kanuni za kudhibiti kelele na mitikisiko za mwaka 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira NEMA, zinaweka kiwango cha juu ndani ya makazi kuwa desibeli 45 mchana na 35 usiku. Na usiku wa kanuni hizo huanza saa mbili, kiasi cha wakati watu wanapotoka kwenye Isha, ukaisha saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 ni kama mnong'ono wa mbali. Katika nyumba zinazochangia ukuta wa mbao, wufa haiwezi kutii kiwango hicho. Kwa hiyo saa mbili ikifika, wufa izimwe kabisa na spika za mbele zibaki.

Lakini kabla ya sheria kuna ujirani. Tunamshauri dada yetu aende kwa jirani siku ya kwanza, amwombe asikilize akiwa chumbani kwa mtoto, na waweke pamoja alama kwenye kitufe cha sauti ambayo haitavukwa. Kipande cha mkanda mwekundu kinatosha. Mtoto mchanga akilala mchana, jirani awe na ruhusa ya kubisha hodi bila ya kuona haya. Makubaliano haya yakifanywa kabla ya ugomvi huchukua dakika kumi. Yakifanywa baada yake, huenda yasifanyike.

Watoto wa ndani nao wana haki. Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba usikilizaji wa watoto usizidi wastani wa desibeli 75 kwa saa 40 kwa juma, na kila desibeli 3 zinazoongezwa hukata muda huo kwa nusu. Katika desibeli 84, basi, juma zima linabaki na saa tano tu. Mtoto hatajua kwamba amepoteza kitu, kwa kuwa sikio halitoki damu. Litapungua kimya kimya, na herufi za s na sh ndizo zitakazotangulia kuondoka.

Mpangilio wa matumizi

Basi kwa dada yetu wa Kabazi, na kwa kila nyumba yenye akiba ndogo na hamu kubwa, huu ndio mpangilio tunaoupendekeza. Kwanza dari, zulia na mapazia, kwa sababu vina faida hata televisheni ikizimwa. Pili, kikuza sauti chenye HDMI ya ARC na nafasi ya spika tano, hata kama leo zitafungwa tatu. Tatu, spika ya kati na mbili za mbele za aina moja, ili sauti isibadilike rangi inapovuka kioo. Nne, waya mzuri na kinga ya umeme. Za pembeni zije msimu mwingine wa maziwa. Wufa ije mwisho, na pengine kwa nyumba ya ukuta wa mbao isije kabisa, na hakuna atakayepungukiwa.

Fedha zisipotosha kwa hayo, spika mbili nzuri tu zilizopangwa kwa vipimo hushinda sita mbaya zilizotawanywa. Na zikipungua zaidi ya hapo, kiti cha mavyaa kisogezwe mbele, karo ilipwe, na televisheni ilie kwa sauti yake ndogo mpaka akiba itimie.